Kitalu cha Mama Sakafu

Mama yangu mdogo ana jina lake, lakini mtaani wote wanamwita Mama Sakafu, maana kabla kifua hakijakataa vumbi la saruji alikuwa fundi wa kupiga sakafu. Sakafu zake zilinyooka hadi ukimwaga maji hayajui yaelekee wapi. Alipoacha ufundi, kikundi cha akina mama wanaolima vitunguu kikampa kazi ya kuotesha miche nyuma ya nyumba yetu.

Mara ya kwanza mbegu hazikuota. Mara ya pili pia. Mwenyekiti wa kikundi akaja, akasimama ukingoni mwa kitalu, akashika kiuno.

"Dada yangu, sikufichi. Wenzetu wanasema mkono wako hauoteshi. Mbegu zikigoma tena, kazi tunampa mwingine."

"Labda mbegu ndizo mbovu," bibi akadakia kutoka jikoni.

"Mbegu hizohizo jirani yenu kapanda kwenye kopo, zimeota."

Mama mdogo hakulia wala hakununa. Alichukua mbegu kidogo, akazigawa. Nyingine akazitumbukiza kwenye glasi iliyojaa maji, nyingine akazifunga kwenye kitambaa kibichi, nyingine akaziacha kwenye karatasi kavu. Zote akaziweka rafu moja karibu na jiko, penye uvuguvugu. Kila akipita anachungulia.

"Huyu sasa anapika mbegu," bibi akasema. "Sisi tutakula nini?"

"Tutakula subira, mama."

Za kwenye karatasi zilikaa vilevile, nyeusi kama baruti. Za kitambaani zikapasuka, zikatoa vimizizi vyeupe. Za glasi zilivimba tu, zikanuka. Alizikodolea macho mpaka chai yake ikapoa.

"Joto, zote zimepata," akasema, kama anaongea na jiko. "Maji, hizi za glasi zimekunywa kuliko wenzao. Zimekosa pumzi."

Akatoka mbio hadi kitaluni, akachuchumaa, akagonga udongo kwa kifundo cha kidole kama fundi anavyosikiliza kazi yake. Ko, ko. Ukaita. Kumbe kila akishasia mbegu alikuwa anapitisha ubao, anashindilia na kusawazisha mpaka kitalu kinang'aa, kisha anamwaga maji kwa ndoo. Jua likipiga, udongo unakuwa ganda.

"Nimezipigia sakafu!"

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameshashika jembe.

Alivunja kitalu chote. Akachanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza, akasia, akafukia juujuu tu, akatandaza nyasi kavu, akanyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa. Ubao akauchanja kuni, asije akatamani kushindilia tena.

Mwenyekiti aliporudi, mama mdogo aliinua nyasi kidogo. Chini yake vijani vyembamba vilikuwa vimejikunja kama pini za nywele.

"Loo! Mbona vimeinama?"

"Kitunguu hutoa shingo kwanza, kichwa baadaye."

"Basi ondoa nyasi tuone vizuri."

"Jua hili litavikaanga. Nitaondoa jioni, maana vikizidi kukaa gizani vitarefuka na kuwa vya njano, havina nguvu."

Mwenyekiti akavua viatu, akachuchumaa naye. "Mbegu zilizobaki nikuletee wewe?"

"Lete. Na yule mwingine mliyekwisha kumtafuta, mwambie aje pia. Mchanga ni mwingi, na kifua changu nakijua."

Mwenyekiti akakohoa, akaangalia pembeni. Mama mdogo alikuwa ameinamia tuta la pili, anavunja mabonge kwa mikono.