Mkanda Uliolegea

Hasira yangu juu ya siku ile haijapoa, na sina haraka ya kuipoza.

Nilikuwa mkaguzi katika karakana moja nje kidogo ya mji wa Korogwe, tukiunganisha mabomba ya chuma ya kupeleka maji vijijini. Kuchomelea kulifanywa na mashine. Ilipanda juu ya mkanda wa chuma uliofungwa kuzunguka bomba, ikatembea yenyewe huku ikiyeyusha waya. Nyuma yake kilifuata kifaa changu, kikipenyeza ndani ya chuma sauti isiyosikika kwa sikio. Chuma kikishikana, sauti inapita. Kukiwa na uwazi inarudi, na mstari unasimama kwenye skrini.

Mashine iliendeshwa na mzee wa Kizigua, mwenyeji wa Kwaluguru, aliyechomelea kwa mkono miaka mingi kabla ya kufundishwa vitufe. Asubuhi ile nilipomwamkia, aliitikia marahaba bila kuinua uso.

"Mkanda umelegea huu, mwanangu. Nimemwambia msimamizi, kasema tuendelee, lori linasubiri."

Kwenye bomba la tatu mistari ikaanza kusimama, mmoja baada ya mwingine, upande uleule. Nikabonyeza kitufe chekundu. Msimamizi akaja mbio.

"Nani kakuruhusu kusimamisha kazi?"

"Chuma hakijashikana ubavuni. Mashine inakwenda upande."

"Mashine haikosei, dada. Anayekosea ni mtu."

Mchana aliniletea ripoti nisaini. Chanzo cha kasoro, aliandika, ni uzembe wa mwendeshaji. Nilipotoka nje nikamkuta mzee getini, ovaroli ameshaivua na kuikunja vizuri, anasubiri mlinzi aipokee.

"Matangi niliyochomelea Handeni nzima hayajavuja hata moja," alisema. "Leo naitwa mzembe."

Nilirudi ofisini moja kwa moja.

"Sisaini," nikamwambia msimamizi.

"Basi utamfuata mwenzako."

"Nitamfuata. Ila mistari yote imehifadhiwa kwenye kifaa changu, pamoja na saa zake."

Nikampigia simu mhandisi mkuu, aliyekuwa Handeni kwenye mitaro. Alikuja kesho yake, akatazama skrini, kisha akaagiza kiungio cha bomba la tatu kikatwe kwa grenda. Ufa ulikuwepo, mwembamba, umelala ubavuni palepale nilipopataja. Akachukua spana, akajaribu boliti ya mkanda. Haikuhitaji spana; ilizunguka kwa vidole.

"Mwiteni mzee," alisema.

Mzee alirudi, akavaa ovaroli, akakaza mkanda kabla ya kusalimia mtu. Viungio vyote vya siku ile vikakatwa na kuchomelewa upya. Na msimamizi? Alisimama mbele yetu akasema, "Sote tumejifunza." Sote! Pole hakuitoa, si kwa mzee wala kwangu, na kazini alibaki kama kawaida.

Ripoti mpya ikaletwa. Ilisema mkanda ulilegea, kana kwamba ulilegea bila mtu kujua. Nikachukua kalamu, nikaandika chini kwa herufi kubwa: MWENDESHAJI ALITOA TAARIFA ASUBUHI, AKAAMBIWA AENDELEE. Msimamizi akanitazama nikiandika. Ndipo nikasaini.