Chumvi ya Okapi

Juzi niliona okapi aliyechorwa kwenye ukuta wa shule hapa Bigo, nikakumbuka harufu ya ndizi za kukaanga, alasiri ile baba alipopanga kutupeleka Epulu, kwenye msitu wa okapi, tukamwone wa kweli. Mama hakutaka wadogo zangu waende, alisema watapotea msituni. Mimi, mtoto wa wafugaji, nilijua ng'ombe hamzoei mtu asiyemletea chumvi, nikadhani okapi naye ni vivyo hivyo. Nikafunga chumvi yote ya jikoni kwenye kitambaa.

"Weye, unapeleka wapi chumvi yangu?" mama aliuliza.

"Kwa okapi. Tutafika mikono mitupu?"

"Na siye tutakula majani ya sombe namna gani bila chumvi, muchungaji wa okapi?"

Baba alicheka hadi akafuta machozi. "Mama, wadogo wataenda. Mwenye kukumbuka chumvi ya okapi hawezi kusahau wadogo wake. Yaya, mukubwa wao huyu, atawashika mukono."

Nilifurahi, nikidhani kazi hiyo ni ya safari tu. Lakini vita vilifunga barabara, hatukwenda. Wazazi walipofariki, niliacha shule nikawalea wadogo. Namshukuru baba: siku ya kuwashika mkono ilipofika, sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.