Msiba wa Ubao wa Picha

Niseme aibu kwanza, mcheke, mkimaliza ndiyo tuongee kazi. Ile ndege niliichora mimi. Kama una picha ya mama yako au shangazi yako aliyopigwa Ifakara miaka ya tisini, kasimama na mkoba mbele ya ndege nyeupe, iangalie vizuri. Ina mabawa, ina madirisha, ina mkia. Mlango haina. Nilisahau. Watu wa bonde zima wamesafiri na ndege ambayo hakuna anayejua abiria waliingilia wapi.

Na hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, ada ilikata, wala sikulia sana maana mimi na hesabu tulikuwa hatusalimiani. Mjomba akanipeleka studio, akamwambia mwenye nayo, "Huyu mtoto anachora." Mwenye studio alitaka aitwe Fundi Mkuu, ingawa fundi mdogo hakuwepo. Akanitandazia shuka jeupe na makopo ya rangi.

"Chora ndege, binti."

"Ndege gani, Fundi Mkuu?"

"Ya kupanda watu. Wateja wangu wanataka kwenda Ulaya bila nauli."

Mimi ndege nilizokuwa nimeziona ni zile zinazopita juu, nami nipo chini shambani. Ukiwa chini, mlango huuoni. Huo ndio utetezi wangu mpaka leo. Fundi Mkuu akaja, akasimama, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Mlango?"

Nikaitazama brashi.

"Basi acha. Rangi imeisha. Mteja utakuwa unamsimamisha hapohapo ulipotakiwa mlango."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya pili, ya kuweka mkao. Shuka lile tuliliita pazia. Mteja anakaa mbele ya pazia, mimi namnyoosha kola, namfuta jasho, namwinua kidevu, halafu nasema neno la kijinga ili uso ulegee. Hilo la mwisho sikufundishwa, nimezaliwa nalo. Fundi Mkuu anapiga. Filamu ikijaa anaingia chumba cha giza, chumba kidogo chenye taa nyekundu na mlango wa kitambaa cheusi mara mbili, kwa sababu mwanga ukipenya kidogo tu picha zote zinaungua. Huko ndani anaisafisha filamu kwenye dawa, inatoka negativu, yaani ule ukanda ambao nyuso ni nyeusi na nywele ni nyeupe. Negativu ndiyo mama wa picha. Ukiwa nayo unaweza kuzaa picha ya mtu hata mara mia, mwenyewe amelala kwake hana habari.

Kazi ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nje ya studio palikuwa na ubao wa picha, ukiangalia barabarani. Tulibandika pale picha zilizotoka vizuri, mpita njia aone, atamani, aingie. Hatukumwuliza mtu. Hakuna studio iliyouliza. Kubandikwa ilikuwa sifa, na wengine walikasirika wasipobandikwa. Tena kijana akipenda sura ya binti kwenye ubao, alikuwa anaonyesha kidole tu: "Nisafishieni na mimi ile." Tukamsafishia.

Fundi Mkuu alinifundisha kupanga ubao kwa ukali kuliko mwalimu yeyote niliyemkimbia. "Mtu anayetazama pembeni, mwachie nafasi mbele ya pua. Usimgongeshe ukutani." Na lingine: "Nyuso zote zitazame ndani. Ukiweka anayetazama nje, unampelekea jirani wateja wangu." Nikashika hayo, nikaongeza la kwangu. Mistari ilinichosha, ilifanana na paredi. Nikapanga picha kama ua la alizeti, kila picha inalalia nyingine kidogo kama petali, nimezibandika kwa gundi ya unga wa ngano. Na katikati ya ua nikaweka uso mmoja, nyuso zote zinauelekea. Watu walikuwa wanasimamisha baiskeli. Hata wauza samaki wa Lupiro, waliovuka mto na pantoni wana haraka kabla samaki hajabadili mawazo, walisimama.

Katikati pale nilimweka dada mmoja. Alikuwa amekuja siku mbili tatu kabla, kajifunga kitenge, mpole, akaomba picha ndogo mbili. Nilipomwinua kidevu akatazama kamera moja kwa moja, bila woga na bila kucheka. Nilisema maneno yangu yote ya kijinga, uso wake haukulegea. Picha ilitoka mpaka Fundi Mkuu akapiga mluzi. Nikaikuza, nikaiweka katikati ya alizeti.

Ijumaa akaja mwanaume na baiskeli yenye matope ya ng'ambo ya mto. Akausimamia ubao muda mrefu. Akaingia, akasalimia vizuri, akavua kofia.

"Yule wa katikati ni mdogo wangu," akasema. "Amepotea nyumbani. Mama analia."

"Hajapotea, kaka! Tulia. Kesho Jumamosi anakuja kuchukua picha zake."

Nilifurahi kweli. Nilijiona malaika. Akashukuru, akaondoka, mimi nikavuka barabara kumpa habari njema rafiki yangu Mama Sijali, aliyekuwa anauza chai na vitumbua mkabala na sisi. Akasikiliza huku anageuza vitumbua. Nilipomaliza akaacha kugeuza.

"Huyo dada ni mjane," akasema. "Anakunywa chai hapa kwangu kila asubuhi. Huyo unayemwita kaka ni shemeji yake. Anataka kumrithi kwa nguvu, na dada alipotoroka mara ya kwanza, alimkamata pale pantoni, akamrudisha kwa fimbo. Kesho mchana dada anapanda treni anaondoka. Anasubiri picha tu, moja amwachie mama yake, maana hajui kama wataonana tena."

"Twende tukamwambie asije!"

"Twende wapi? Anakolala hasemi, na mimi sikumwuliza, tena leo ameshaniaga, kesho chai hanywi. Mimi nina akili."

Nilirudi studio mbio. Nikamweleza Fundi Mkuu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Toa ile picha ubaoni kwanza. Macho yasizidi kuongezeka." Nikajaribu. Jamani, ile gundi! Nilikuwa nimeipika nzito kwa kujisifu. Ukivuta katikati, bi harusi wa Kiberege anang'oka pua, mwalimu anatoka na nusu kichwa. Na ukitoa uso wa katikati, nyuso zote zinabaki zinaangalia shimo, mpita njia anauliza alikuwepo nani. Nilikuwa nimepanga vizuri mno. Basi Jumamosi mapema nikachukua kitambaa cheusi cha akiba cha chumba cha giza, nikaufunika ubao wote, nikaona nimemaliza.

Sasa wewe fikiria ni mtu wa mtaani, unapita asubuhi, unakuta studio ina kitambaa cheusi mbele, mlango umerudishwa, na Fundi Mkuu ambaye kila siku anakaa kibarazani leo haonekani. Alikuwa ndani ya chumba cha giza anasafisha picha za yule dada. Lakini mtaa haukujua.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi wa nyumba ya tatu, kanga kichwani, analia kabla hajafika. "Baba yetu mpiga picha! Jana tu kanisalimia!" Nikafungua mdomo kukanusha, wakaja wengine watano. Mtu akaleta mkeka. Wanaume wakaleta benchi. Mwingine akaja na kuni. Katekista akaniuliza, kwa upole sana, kama marehemu alikuwa amepata sakramenti. Nikasema, "Subirini kidogo."

Nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya kile kitambaa cha mlango.

"Fundi Mkuu, shikamoo."

"Marahaba. Nani anapiga kelele huko nje?"

"Wanalia."

"Wanamlilia nani?"

"Wewe."

Nikasikia maji yanadondoka kwenye beseni.

"Wengi?"

"Wanaongezeka."

Nilichungulia dirishani. Yule shemeji alikuwa amefika. Lakini angefanya nini? Mtu ukikuta msiba huwezi kusimama katikati unageuza geuza shingo. Ameegemeza baiskeli, amevua kofia, amesema poleni, amekalishwa kwenye benchi la wanaume, kati ya wazee wawili wanaomsimulia marehemu alivyokuwa mtu mwema. Na upande wa pili wa uwanja, wanawake wamekaa mkekani, kila mmoja kajifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Hata mimi nisingemtambua mama yangu.

Nikamwambia Fundi Mkuu. Akafikiri kidogo.

"Basi niache nife kidogo," akasema. "Usiwaambie kitu."

Dada akaja muda si mrefu. Nilimjua kwa kile kitenge. Akaona msiba, akafanya kama mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: akashusha kanga usoni, akapita upande wa wanawake na kichwa chini. Shemeji yake alimtazama akipita, akarudisha macho kwa mzee aliyekuwa anamsimulia. Mama Sijali akamdaka, akamkalisha kati yake na bibi wa nyumba ya tatu, akamnong'oneza. Niliona mabega ya yule dada yanatetemeka. Bibi akamkumbatia, akidhani analia kwa ajili ya Fundi Mkuu, akasema, "Lia, mwanangu, alikuwa mtu wa watu."

Mkono wa Fundi Mkuu ukatokeza kwenye kitambaa, una picha mbili zenye unyevu bado. Na kipande cha negativu, amekikata.

"Mpe na hii. Picha ni yake. Sisi ni watu wa karatasi tu."

Nilipita mkekani kama mfiwa, nikainama kumpa pole, nikamwachia mkononi. Nikaanza kumwomba msamaha. Akanishika vidole akavibana. Akatoa picha moja akampa Mama Sijali, kwa ajili ya mama yake. Kisha Mama Sijali akasimama, akasema kwa sauti, "Jamani, msiba hauna maji!" Wanawake kama kumi wakainuka na ndoo, wamejifunika, wakazunguka nyuma ya studio. Waliorudi na maji walikuwa pungufu ya waliokwenda. Mmoja alikuwa njia ya stesheni, na wengine wawili wamemsindikiza.

Honi ya treni tuliisikia tukiwa palepale mkekani. Ilipotulia, Fundi Mkuu akatoka, na aproni yake ya dawa, anajifuta mikono.

Bibi akaanguka. Katekista akashika rozari. Kijana mmoja wa kupakia watu kwa baiskeli, mimi sitamsahau, akasimama kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo, marehemu."

Shemeji akamfuata. "Mzee, yule mdogo wangu amekuja kuchukua picha?"

"Mwanangu," akasema Fundi Mkuu, "mimi mwenyewe asubuhi yote sikuwepo duniani. Nitajuaje?"

Chai ilikuwa imeshaiva, basi ikanyweka. Picha aliyoachiwa mama yake ilivuka mto na wauza samaki, na baada ya mavuno wakaturudishia jibu kwamba picha imefika, na mwenye picha naye alifika alikokuwa anakwenda. Hilo la kufika ndilo nililokuwa nasubiri. Alikwenda wapi, waliniambia, na mimi sitawaambia.

Kutoka Jumamosi ile hatukubandika mtu bila kumwuliza. Nilikuwa nauliza kila mteja, "Tukutundike au tusikutundike?" na wengine walitaka kukimbia. Anayekuja kuomba picha ya mwenzake tulimwambia aje na mwenzake. Fundi Mkuu alinituma Kiberege siku za gulio, pazia limeviringishwa kwenye baiskeli, nikauliza vilevile. Akanituma Chita kuwapiga vijana wa kambi ya jeshi picha za vitambulisho, bosi wa huko, Afande Mkuu wa Stoo, akashangaa: "Wewe mpiga picha au hakimu? Piga!" Nikapiga, lakini negativu nilimwachia kila mmoja ya kwake. Zikaja picha za rangi, tukawa tunazipeleka kwa treni zikasafishwe Dar, na chumba cha giza kikageuka stoo ya maharage. Fundi Mkuu alikufa miaka mingi baadaye, safari hii kweli, na nusu ya watu walikuja wakiwa hawaamini.

Mimi nimestaafu. Magoti yamekataa kuinamia kamera. Mtoto wa dada yangu anapiga picha kwa simu, na nakiri anapanga vizuri kuliko mimi, uso unatazama ndani, mbele ya pua pana nafasi. Juzi kajipiga stendi, kajirusha huko mtandaoni, akaandika chini yake anakwenda Morogoro, gari la saa ngapi, nyumbani amebaki bibi peke yake. Nikamwambia, mwanangu, picha haina neno, picha ni nzuri. Hayo ya chini yake ndiyo Jumamosi yangu. Uso ulikuwa ubaoni siku kadhaa na dada hakukamatwa. Aliyetaka kumkamatisha ni mimi na kimdomo changu, kwa nia njema kabisa. Akacheka, "Mama mdogo, wanaoona ni marafiki zangu tu." Nikamwambia hata yule shemeji alisalimia vizuri, akavua kofia.

Nilikwenda kumlalamikia Mama Sijali. Amezeeka, vitumbua wanapika wajukuu wake, yeye anasimamia, mdomo ni uleule. Nikamwambia naona nimezeeka vibaya, naogopa simu kama ng'ombe anavyoogopa pantoni.

"Hujazeeka vibaya," akasema. "Wewe siku ile ulimwaga siri ya mtu, mtaa mzima ukaja na kanga kuifunika, tena bila kujua. Huko kwenye simu ukiimwaga, wanakuja wengi kuliko wale. Lakini kanga hakuna anayekuja nayo."