Kromosomu ya Pili ya Orangutani

Nilipompeleka nyumbani Lodwar mwanamume niliyetaka anioe, Mkongo wa kambi ya wakimbizi tuliyefundisha naye sekondari moja Kakuma, mama alimsalimia kwa Kiturkana, "ejok", na kumpa chai ya maziwa. Kaka yangu mkubwa hakumpa hata mkono.

"Si ni wewe ulinifundisha mambo ya orangutani?" akaniuliza mbele ya wote.

Kweli nilimfundisha. Likizo moja nilimsimulia, kwa raha ya mwalimu wa biolojia, kwamba wale sokwe wekundu wa Asia wanaishi visiwa viwili, na kromosomu yao ya pili haifanani. Kwa wale wa kisiwa kimoja, kipande chake kimegeuka, cha juu kikawa chini. Sikujua ameiweka habari ile akiba.

"Kama sokwe wa kisiwa hiki si sawa na wa kile," akasema, "je, Mturkana na mtu wa kambi? Mungu mwenyewe ameweka mpaka. Watoto watatoka vipi?"

Mchumba wangu akainamisha kichwa. Miaka ya kambini ilikuwa imemzoesha kunyamaza. Mimi sikuzoea, wala sikutaka kuzoea.

"Hukungoja nimalize somo," nikamwambia. "Orangutani wa visiwa hivyo viwili wamewahi kufugwa pamoja, wakazaana, na watoto wao nao wakazaa. Na hao ni sokwe waliogeukiwa na kipande kizima! Sisi watu, toka Lowarengak huku Turkana mpaka Kongo, hakuna kabila lenye mpangilio wake peke yake wa kromosomu. Huo mpaka hauko kwenye damu yangu. Uko mdomoni mwako."

"Unanijibu hivyo mbele ya mama?"

"Mbele ya mama, ndiyo. Sitaki asikie kwa majirani."

Mama akamgeukia mgeni. "Wewe una mifugo ya mahari?"

"Sina, mama," akajibu, na kwa mara ya kwanza akainua macho. "Lakini nitatafuta."

Alitafuta. Ilichukua muda, na watu wa Lodwar walisema mengi. Tukafunga ndoa kanisani Kakuma, mama akaimba mpaka sauti ikakauka. Kaka hakuja, na mpaka leo hajakanyaga kwangu. Simbembelezi.

Binti yetu anasalimia Kiturkana, anagombana kwa Kiswahili cha Kongo. Wanaoniuliza yeye ni kabila gani nawaambia wakamuulize mwenyewe. Wakirudi, huwa wamenuna.