Gasketi Iliyooshwa

Chuo chetu cha ufundi kilikuwa na injini mbili. Moja mpya, ya msaada, ilikaa chini ya turubai na kufunuliwa siku za wageni tu. Nyingine, kuukuu, ilikuwa juu ya stendi ya chuma, haina betri wala tangi. Hiyo ndiyo tuliyoifungua na kuifunga muhula baada ya muhula. Kila tulipotoa hedi, kifuniko cha juu cha injini, tulibandua gasketi, lile bapa linalozuia maji na oili visikutane, tukaiosha kwa petroli, tukaianika, tukairudisha. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa namna nilivyoiosha.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Wazazi walifariki wakifuatana, nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba cha kupanga Kwa Mrombo. Baba mdogo alikwisha sema kwamba nikimaliza chuo bila kazi, atawagawa kwa ndugu. Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa miche ya migomba. Nilimjibu kwamba hawatagawanywa.

Miaka ile ya soko huria magari ya watalii yalijaa mjini, na gereji moja ya Themi ilinipokea kwa mafunzo ya vitendo. Nikifanya vizuri, nitaajiriwa. Wiki ya pili fundi mkuu, Mchaga asiyepaza sauti, aliniachia gari nifunge hedi. Mezani kulikuwa na gasketi mpya ndani ya pakiti. Nikairudisha stoo. Ya zamani nikaiosha, nikaianika, nikaifunga.

Gari halikufika hata Usa River, mwendo wa nusu saa. Lilirudi likivutwa, oili imeingia maji, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi mkuu akafungua hedi mwenyewe.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni ileile, fundi. Niliiosha."

"Na mpya?"

"Niliirudisha stoo, isiharibike."

Mafundi walicheka. Mmoja akasema wanipe na mashuka ya nyumbani kwake niyafue. Fundi mkuu hakucheka.

"Injini ya chuoni kwenu, ikiwaka inaungurumaje?"

"Sijawahi kuisikia," nikasema.

Akaniambia nifungue kila kitu, nisafishe, nifunge upya kwa gasketi mpya. Gari likienda Usa River na kurudi na oili safi, nitabaki. Lilienda, likarudi. Nikabaki, na wadogo zangu wakabaki nami.

Watu huniambia nishukuru. Fundi yule namshukuru mpaka leo. Lakini wenzangu wa darasani walipelekwa gereji nyingine, kwa mafundi wengine, na wawili walifukuzwa kwa kosa hilohilo. Waliitwa wazembe. Hawakuwa wazembe, walifanya kwa usahihi kabisa kile walichofundishwa. Mtu aliyejua kwamba injini ile haitawaka kamwe alitusimamisha mbele ya injini hiyo, akatupa alama.

Nilirudi chuoni kuchukua cheti. Vijana wapya walikuwa wameizunguka stendi, mmoja anaiosha gasketi ileile. Nilimwamkia mwalimu shikamoo, nikamwomba kijana anipe, nikaikata vipande viwili kwa mkasi wa kukatia bati.

Mwalimu aliuliza sasa atafundishia nini.

Nilikwenda pembeni, nikalivuta turubai kutoka juu ya injini mpya.