Kadi za Harusi za Mzee Abeid

Miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu pekee wa kompyuta katika duka letu la kupiga chapa, Mji wa Kale, na sikumwacha mtu asahau. Mzee Abeid wa Kizingo alituletea mwaliko wa harusi ya mwanawe, ulioandikwa kwa alama za mtandao: moja kabla na moja baada ya maneno "ya mwanangu" na ya jina la bibi harusi, kila alama ndani ya mabano yake.

"Zifute kwa mkono," alisema mwenzangu Rehema.

Kwa mkono, mtaalamu mzima? Nikatunga amri moja: ukikuta bano la kufungua, futa mpaka la kufunga. Kompyuta ikatii kupita kiasi, ikafuta kuanzia bano la kwanza kabisa mpaka la mwisho kabisa, pamoja na maneno yote ya katikati. Kusoma kabla ya kuchapa niliwaachia wasiojua kompyuta.

Kadi zikagawiwa nyumba kwa nyumba. Kesho yake akaingia Bi Zuhura, mkewe Mzee Abeid, akaniwekea moja mezani.

"Mwanangu, hebu nisomee."

Nikasoma kwa madaha: "Mimi, Abeid, nakualika kwenye harusi, Ijumaa baada ya Isha."

"Haya, nambia," akasema kwa upole. "Mke mwenzangu ni nani?"