Gari la Kuazima Nililolificha Gerezani

Nimekosa mimi. Nalisema hilo kwanza kabla sijasema lolote, kwa sababu najijua: nikishaanza kueleza nitajikuta najitetea. Hakuna wa kumlaumu hapa. Si kampuni ya magari, si fundi, si foleni. Ni mimi na kiburi changu.

Wewe unayesoma hunijui, na ndiyo maana nakwambia. Wanaonijua siku hizi hawakai na mimi muda wa kutosha nikawaambia.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, mzee sasa, nina duka la mashuka ya jumla Kariakoo. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimefundishwa na mtaa. Nilianza kwa kubeba marobota ya mitumba Mchikichini, kwa mgongo huu huu. Kwa hiyo nikikwambia nina kiburi, ujue sikukirithi kwa mtu. Nilikijenga mwenyewe, tofali moja moja.

Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Watoto wana miji yao na simu zao za Jumapili. Mtu niliyebaki naye ni jirani yangu wa dukani, nitamwita Saidi, si jina lake. Mtu wa Lindi, anauza ndoo na mabeseni. Maduka yetu yamepakana ukuta tangu nywele zetu nyeusi. Muuza kahawa akifika alikuwa anamimina vikombe viwili bila kuuliza, tunakaa kwenye benchi katikati ya milango yetu, tunaanza.

"Mangi," Saidi ananianza, jina wanaloitwa Wachaga wenye maduka, "leo umeshamnyonga mteja gani?"

"Nyamaza wewe mmachinga! Ndoo zako zinavuja kuliko mdomo wako."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mtu mgeni angedhani tunagombana.

Saidi ana binti, nimwite Zuhura. Huyo mtoto kakulia juu ya marobota yangu. Mama yake akienda sokoni anamlaza pale kwenye mashuka, analala mpaka jioni na kelele zote zile za wapiga debe na mikokoteni. Alipoanza kuongea akasikia baba yake ananiita Mangi, basi naye akaniita Baba Mangi. Alikuwa hajawahi kuniita jina jingine, hata mwaka huu alipopata mchumba.

Sasa ngoja nikufikishe kwenye gari.

Maisha yangu yote nimeendesha gari za mtumba kutoka Japani, kama watu wote. Mwaka huu nikasema hapana, mimi nami nife nimekalia kiti ambacho Mjapani hakukikalia kabla yangu. Nikanunua jipya, dukani, jeusi, kubwa, nailoni bado ziko kwenye viti. Siku niliyoliingiza mtaani kwetu Kariakoo wapiga debe waliacha wateja! Saidi alilizunguka, akagonga boneti kwa kidole kama anayekagua beseni.

"Mangi," akasema, "hili ndilo litakalompeleka Zuhura ukumbini."

"Na dereva ni mimi mwenyewe," nikamwambia. "Mwanangu hapelekwi na mtu baki."

Zuhura aliposikia alikuja dukani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Saidi akawatangazia wakwe. Wakwe walitaka kuleta gari lao, akawakatalia: "Gari la bibi harusi lipo, linaletwa na ndugu yangu."

Ndugu yangu! Alisema hivyo, Mwislamu wa Lindi, juu ya Mkristo wa Moshi.

Harusi ikiwa imekaribia, gari likaanza kushtuka. Ukibadilisha gia linaruka kama punda aliyechapwa. Nikalirudisha kwa walioniuzia. Binti wa ofisini, mpole, shikamoo nyingi, akaniambia giaboksi ina hitilafu, kifaa kinaagizwa nje, itachukua muda.

"Ila usijali mzee, liko ndani ya waranti. Hulipi kitu. Na tunakupa gari la kuazima mpaka lako lipone."

Nikatoka kuliangalia. Mungu wangu! Kigari cheupe, kidogo, na milango yote miwili ya mbele imeandikwa kwa maandishi mekundu, makubwa: GARI LANGU LIKO MATENGENEZONI, NIMEAZIMWA HILI.

"Hamna lisilo na maandishi?"

"Yote yana maandishi mzee."

Akanisomea masharti, kwa sababu miwani nilikuwa nimesahau. Nisilitoe nje ya mkoa. Nisilifanyie biashara. Kubeba familia na marafiki ruksa. Akacheka kidogo akasema, "Hata harusini mzee unaenda nalo."

Kumbuka neno lake hilo. Mimi nalikumbuka kila siku.

Sasa utaniuliza, mtu mzima anaogopa maandishi ya mlangoni? Ngoja nikupe sababu, na sababu yenyewe ni aibu nyingine. Kuna mfanyabiashara mwenzetu, duka lake mtaa wa pili, aliwahi kuja Kariakoo na gari la shemeji yake. Mimi ndiye niliyesimama mbele za watu nikapaza sauti: "Karibu Bwana Azima!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Jina likamganda. Mpaka leo hakuna anayekumbuka jina lake la ubatizo. Watoto wake wanaitwa watoto wa Azima.

Kwa hiyo nilijua Kariakoo inachofanya. Nilijua kwa sababu mdomo ulioanza ulikuwa wangu! Nilijiona naingia mtaani na kale kagari, nasikia tayari: mzee kafilisika, jipya limechukuliwa na benki, sasa tazama mlangoni, kaandika mwenyewe!

Nikaenda kulificha Gerezani, si jela, ule mtaa wa mafundi jirani na Kariakoo, kwenye uwanja wa fundi mmoja wa spea. Nilimuuliza kama maandishi yanabanduka. "Yanabanduka mzee," akasema, "ila rangi nayo itatoka, watakudai mlango." Basi nikaliacha pale nyuma ya mabodi ya malori, nikalifunika kwa shuka, shuka langu mwenyewe la dukani, nikawa kila siku natoka nyumbani kwa miguu mpaka Kariakoo. Watu wakiniuliza nasema daktari kaniambia nifanye mazoezi.

"Hongera mzee, unajitunza!" wananiambia.

Saidi peke yake ndiye aliyenitazama miguuni. "Mangi, viatu vyako vinalia. Gari liko wapi?"

"Liko servisi ndogo tu. Kesho kutwa linatoka."

"Kwa ajili ya harusi lakini litakuwepo?"

"Litakuwepo."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa Saidi. Nilikuwa naombea kifaa kifike. Hakikufika.

Asubuhi ya harusi nikampigia simu. Nikamwambia gari halijatoka, sina usafiri wowote, na mwili nao hauko sawa, homa. Nyuma yake nilisikia wanawake wanapiga vigelegele. Nilitegemea atanitukana. Angenitukana ningepona!

"Gari si kitu," akasema. "Wewe njoo. Nitamtuma kijana na bajaji akuchukue."

"Siwezi Saidi. Naumwa."

Halafu akasema, "Pole sana ndugu yangu. Lala upumzike."

Nikazima simu.

Unajua nyumba yenye mtu mmoja inavyokuwa siku ambayo wenzake wako harusini? Suti ilikuwa inaning'inia mlangoni, imepigwa pasi. Utepe mweupe wa kupambia gari uko juu ya meza. Nikawasha redio, nikazima. Jiko nalo lilikuwa baridi. Alasiri ilipofika nikashindwa. Nikatoka kwa miguu mpaka Gerezani, nikavua shuka lile, nikaingia kwenye kagari nikafunga vioo. Nilitaka nini? Sijui. Nadhani nilitaka nikasimame mbali karibu na ukumbi, nimwone akishuka, nirudi. Kama mwizi.

Nimetoa pua barabarani tu, foleni. Nasubiri basi la mwendokasi lipite. Nikasikia matarumbeta.

Walikuwa wao.

Mbele pikapu yenye wapiga matarumbeta, nyuma Noah ya mashangazi, na katikati bajaji iliyofungwa maua na kanga, na ndani yake Zuhura na shela lake, amekaa na baba yake. Baadaye ndiyo niliambiwa ilikuwaje. Mashangazi walimtaka apande Noah, akakataa: "Kama si Baba Mangi anayenipeleka, nipeni bajaji ya binamu yangu." Na kabla ya kushika njia ya ukumbini walipitia kwangu, eti mgonjwa haachwi bila kusalimiwa. Mlinzi wa getini akawaambia mzee katoka.

Bajaji ikasimama ubavuni kwangu. Saidi akashuka, kanzu yake, koti lake, kofia mpya. Akaja mpaka mlangoni. Akayasoma yale maandishi, taratibu, neno kwa neno, kwa sauti. Nikashusha kioo.

"Mangi. Unakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Hospitali iko nyuma tulikotoka."

Matarumbeta yalikuwa yamenyamaza. Mafundi wa Gerezani wametoka na mikono yao ya grisi, wapita njia wamesimama, simu zimeinuliwa juu zinapiga video. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichokuwa nakiona ni zile simu tu.

Hapo ndipo Zuhura akatoa kichwa kwenye bajaji. Anatabasamu! Yule mtoto alikuwa ameshaelewa kila kitu na ameshanisamehe.

"Baba Mangi," akaita, "nifungulie mlango basi. Bajaji hii inanivunja mgongo siku ya harusi yangu."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha harusi. Alikuwa ananipa mkono mimi niliyezama! Ningefungua mlango tu. Angeingia na shela lake kwenye kigari cheupe chenye maandishi mekundu, tungecheka mpaka ukumbini, na Saidi angenitania nalo mpaka kaburini. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Nikasema, "Gari la watu hili. Siruhusiwi kupakia mtu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu. Mbele ya binti aliyelala juu ya marobota yangu.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliondoka polepole, ndiyo mbaya zaidi. Akarudisha kichwa ndani. Saidi alinitazama kidogo, akapiga kiganja juu ya paa la kagari, mara moja, kama mtu anayeruhusu gari liondoke.

"Haya," akawaambia wale vijana wa pikapu. "Pigeni, tumechelewa."

Wakaondoka. Nilirudi nyuma kwenye uwanja wa fundi, nikakaa mle ndani mpaka vioo vikapata ukungu.

Niliwapelekea zawadi baadaye. Mashuka, mazuri kuliko yote dukani. Saidi aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Zuhura alihamia Mtwara kwa mume wake. Kabla ya kuondoka alipita kuaga maduka yote ya mtaa, na kwangu alifika. "Shikamoo mzee," akasema. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea.

Gari langu lilipona. Siku naenda kulichukua yule binti wa ofisini alichungulia kilomita kwenye dashibodi ya kagari, akashangaa. "Mzee, mbona hukwenda popote?"

Nikamkabidhi ufunguo.

Lile jeusi sasa linatembea kama maji. Naliegesha mbele ya duka, linang'aa, na kiti cha pembeni bado kina nailoni kwa sababu hakijakaliwa. Nilimwomba Saidi msamaha, ndiyo, nilimwomba, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu. Akasema, "Yameisha, mzee mwenzangu." Mzee mwenzangu! Nilijua hapo kwamba hayajaisha. Benchi lipo. Kahawa sasa yeye anakunywa ndani mwake, mimi ndani mwangu, ukuta ule ule.

Nakuomba wewe unayesoma, hasa wewe uliyejijenga mwenyewe ukajiona mnara. Ukipewa cha kuazima kwa haki yako, kiendeshe. Kiingize mtaani mchana kweupe, piga na honi. Wakuite majina. Wacha wakucheke mpaka wachoke, watachoka. Mtu anayekucheka bado yuko na wewe.

Mimi nililipata lile nililolitaka. Wapiga debe wote wa mtaa ule walijua habari ya Gerezani, video waliiona, nami nikawa nangoja waniite Azima. Nilijiandaa. Nilikuwa na jibu.

Hakuna aliyeniita. Napita na gari langu, wananipisha njia, wananiambia shikamoo. Mpaka leo hakuna hata mmoja anayenitania.